Abiria wa Dundu

Naanza na hasira kwa sababu nikianza na heshima nitasema uongo. Mzee ninayetaka kumweleza hapa, ambaye Chilangala nzima tuliendelea kumwita Bwana Mifugo hata baada ya serikali kumstaafisha, alinichosha. Alinichosha kwa miaka mingi, nyumba yake na yangu zikiwa zimetenganishwa na uzio wa fito tu, na hakuna mtu mwingine ambaye ningemvumilia hata nusu ya hapo. Mimi ni Mama Tumaini, mkulima wa korosho, mwimbaji wa sauti ya pili kanisani, na kwa misimu minne ya mvua nimekuwa karani wa mambo ya mavi ya ng'ombe.

Nieleze kwanza hilo la mavi nisije nikaonekana sina adabu. Dundu ni yule mdudu mweusi mwenye gamba gumu anayetokea na mvua za kwanza. Anakata mavi, anayaviringa donge, kisha anageuka na kulisukuma kinyumenyume kwa miguu ya nyuma mpaka apate mahali pa kulifukia. Kila mtoto wa huku amemchezea. Lakini ukipiga magoti, kama Bwana Mifugo alivyonipigisha magoti nikiwa na kitenge changu cha kanisani, utaona baadhi ya dundu wana abiria. Ni inzi wadogo kuliko punje ya ulezi, wawili, watatu, mara nyingine saba, wamekaa shingoni na mgongoni. Dundu akisukuma, wao wametulia. Dundu akipumzika, wanashuka kwenye donge, wanalikagua, wanarudi juu. Akianza kufukia wanaingia naye ardhini, wanataga humo, na watoto wao wanakula chakula ambacho mwenzao amekihangaikia kwa ajili ya watoto wake.

"Umeona?" aliniuliza siku ile ya kwanza.

"Nimeona, Baba. Wanadoea."

"Hilo kila mtu anaona. Hapa kuna dundu kumi. Kwa nini hawa saba wote wamempanda huyu?"

"Labda kwa kuwa mnene."

"Labda ni neno la mtu anayetaka kwenda nyumbani," akasema.

Ni kweli nilitaka kwenda nyumbani. Nilikuwa nimeacha kunde jikoni, na kunde zile ziliungua.

Alikuwa na misemo ya namna hiyo, na alikuonea nayo. Ukisema jambo fulani ni la kawaida, alikujibu kwamba mtu husema kawaida pale alipoacha kutazama. Mkubwa wa misemo yake, niliousikia mpaka nikauota, ni huu: "Andika ulichoona, usiandike ulichokipenda." Aliutumia kwa kila kitu. Katibu wa kanisa aliposoma taarifa kwamba ibada ya mavuno ilifana, Bwana Mifugo alinyoosha mkono kutoka benchi la nyuma akauliza nani alihesabu watu. Baba Tumaini, mume wangu, alipomsifia mke wa mdogo wake kwa ugali wa muhogo, mzee huyo huyo alimkumbusha mbele ya wageni kwamba ameacha nusu sahani.

Mtu ungedhani bwana mifugo anapenda mifugo. Huyu hakuwa hata na kuku. Alisema amelala macho kwa ajili ya ng'ombe wa watu miaka yote ya kazi, wake mwenyewe wangemmaliza. Kwa hiyo mavi alikwenda kuyatafuta kwa imamu wetu, mwenye ng'ombe wanne, ambaye kwetu hapa juu ni tajiri wa ng'ombe. Imamu ni mtu wa utani. "Bwana Mifugo," alimwambia, "ng'ombe ni wangu, maziwa yangu, hayo mengine nimekuachia." Na yeye aliitikia kwa shukrani kabisa, kama amepewa shamba.

Jambo jingine lililonishinda ni usafi wake. Maji ya kwetu ni ya taabu, lakini Bwana Mifugo alinawa mikono mpaka viwiko kabla ya kula na baada ya kula, na hakunywa kwenye kikombe cha mtu. Nikimpelekea ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha aliifuta moja moja kwa kitambaa. Kisha mtu huyo huyo mchana alilala kifudifudi kwenye zizi la imamu, kidevu chake kiko shibiri moja kutoka kwenye mavi mabichi, akihesabu inzi. Nilimuuliza inakuwaje. Alisema mavi anajua yametoka wapi, lakini kikombe changu hajui kimetoka wapi. Nilirudi nyumbani na sahani yangu bila kuaga.

Alishawahi kuuacha mstari wa watu kwenye mazishi. Tulikuwa tunateremka makaburini, yeye ni mmoja wa wazee walioshika shada, mara nikaona shada limebaki kwa mtu mmoja. Nilipogeuka alikuwa ameinama pembeni mwa njia. Aliporudi, jeneza lilikwisha kushushwa. Mjane alimtazama, naye akampa pole ya dhati, machozi yakimtoka kweli, huku kibiriti kikikwaruza mfukoni mwake. Ndani ya kibiriti kulikuwa na dundu.

Mnaweza kuniuliza kwa nini sikumwacha na wadudu wake. Sababu ni mguu wa Baba Tumaini. Mume wangu alichomwa na kisiki shambani, akafunga kitambaa, akasema kitapona. Siku ya tatu Bwana Mifugo alipita uani, akanusa, hakusema hata shikamoo yangu ameipokea. Alimfunua ule mguu, akamwita mwenye bodaboda, na kabla ya saa sita mchana mume wangu alikuwa njiani kwenda hospitali, kule Ndanda. Daktari alisema siku mbili zaidi wangeukata. Leo Baba Tumaini anapanda mikorosho kwa mguu huo. Na hakuwa yeye peke yake, kwa maana mzee huyu aliwapeleka hospitali wajawazito, wenye vikohozi, hata imamu na jino lake. Hakuwa na huruma kwa mtu anayeahirisha.

Sasa nielezeni, mtu kama huyo, ugonjwa wa mtoto wa jicho unapomwingia macho yote mawili, anawezaje kukaa miaka minne akisema atakwenda kesho?

Nilianza kugundua alipoanza kunipa kazi ya kuhesabu. Mwanzoni alisema mgongo unamuuma kuinama. Baadaye akasema mwandiko wangu ni mzuri kuliko wake, ndipo daftari likahamia kwangu. Siku moja alimsalimia mbuzi wa katekista akidhani ni katekista amechutama, akamwuliza habari za nyumbani. Nilicheka mpaka nikakaa chini, halafu nikaona uso wake, nikaacha kucheka. Daktari wa macho alikwisha kumwambia kwamba jambo lake linatibika, ni operesheni ndogo, jicho moja kwanza kisha la pili, lakini asikawie sana. Kukawia ndiko alikokuchagua.

Safari ya kwanza nilimpeleka mimi. Tulipanda gari Newala asubuhi kwenda Masasi, tuunganishe Ndanda. Tulipofika Chiungutwa gari likasimama kupisha kundi la ng'ombe wa wafugaji. Bwana Mifugo akasema anashuka kunyoosha miguu. Ng'ombe wakaisha, dereva akapiga honi, mzee yuko bondeni amepiga magoti.

"Mama," dereva akaniambia, "huyo nang'olo, huyo mzee wako, anasali?"

"Ndiyo," nikasema, kwa aibu.

"Basi mwambie Mungu yupo na Masasi." Akatuacha. Tulirudi Chilangala jioni na kopo la dundu sita, na siku ya kliniki ikawa imepita.

Safari ya pili alikwenda peke yake mpaka Masasi, kwa binti yake aliyeolewa pale, ili aamkie Ndanda. Asubuhi mvua ilinyesha. Binti yake akaenda kumchemshia maji ya kuoga, aliporudi akakuta kitanda kimetandikwa na baba hayupo. Saa tano mchana nilimwona akipita mbele ya mlango wangu na mwavuli, akinisalimia kama mtu aliyetoka dukani. Siku hiyo nilimfokea. Nilimwambia mguu wa mume wangu haukungoja mvua iishe, na nikasema mengine ambayo hayasemwi kwa mtu mzima. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nikipata jibu nitakwenda," akasema.

"Jibu la nini?"

"La hawa abiria. Inzi hana akili ya kujaza kijiko, lakini anajua ni dundu gani atafika. Mimi nimepanda magari ya wakubwa wilayani maisha yangu yote na sikujua hata siku moja nani atafika. Nikilala kwenye kitanda cha hospitali na nisione tena, nataka niwe nalijua hilo."

Ndipo nilipojua kwamba anaogopa. Bwana Mifugo aliyewachoma sindano ng'ombe wa tarafa nzima aliogopa sindano ya jicho. Nilimhurumia, na huruma hiyo ilinikasirisha zaidi.

Kwa hiyo tukatafuta jibu. Alitaka kujua kama inzi wanarudi kwa dundu yule yule, siku baada ya siku, kama watu wanavyozoea gari moja. Kujua hilo kulihitaji alama. Tulijaribu chaki, ikafutika kwa mvua. Tulijaribu rangi ya kucha ya binti yangu, ikabanduka udongoni. Mwisho alipata dawa yake mwenyewe: mafuta ya maganda ya korosho, yale meusi yanayounguza vidole vya wabanguaji, akayachanganya na chokaa. Tone moja la ncha ya kijiti likikauka halitoki. Kila dundu tuliyemkuta na inzi tulimpangusa, tukamtia alama nyeupe, tukamwachia. Tangu hapo, katika dundu wote wenye alama tuliowaona tena, hatukumkuta hata mmoja amepandwa.

"Inzi hapandi dundu mara mbili," akawa anasema, akipangusa macho yake yaliyofifia kwa kitambaa. "Anachagua mpya kila siku. Tukimaliza msimu huu tunafunga."

Sasa sikilizeni upumbavu wetu. Huku kwetu nani asiyejua mafuta ya maganda ya korosho? Tunapaka nguzo ili mchwa wasile. Nguzo za baraza la Bwana Mifugo mwenyewe ni nyeusi kwa mafuta hayo, na ni yeye aliyepita nyumba kwa nyumba akitufundisha kuyapaka. Mwisho wa msimu wa nne, siku ya Jumanne, nilikuwa napaka fito za bafu langu. Inzi walikuwa wamejaa uani kwa sababu ya mapera yaliyooza. Walitua kwenye ndoo, kwenye mguu wangu, kwenye fito kavu. Kwenye fito zilizopakwa hakutua hata mmoja. Nikasimama pale na brashi mkononi, nikizitazama fito.

Nilikwenda zizini kwa imamu peke yangu. Nilichukua dundu tisa. Watatu niliwatia alama ya mafuta ya korosho na chokaa, watatu alama ya mafuta ya kula na chokaa, watatu nikawaacha walivyo. Nikawaweka kwenye mavi mabichi, nikapiga magoti. Kabla jua halijafika utosini, dundu wanne walikuwa na inzi: wawili wasio na alama, wawili wa mafuta ya kula. Wa mafuta ya korosho hakupandwa hata mmoja. Inzi mmoja alimkaribia mmoja wao, akaruka kama amechomwa. Kumbe inzi hawakukataa dundu. Walikataa dawa yetu ya mchwa.

Na kwa kuwa mzee huyu alikwisha kuniharibu, sikuweza kuacha kuliandika. Nilifungua daftari ukurasa wa mwisho kabisa, nikaandika Jumanne, dundu tisa, nani alipandwa na nani hakupandwa. Nilijua hataweza kusoma. Kufikia hapo hakuweza kusoma hata jina lake kwenye bahasha.

Nilikwenda Jumamosi kumwambia. Naapa nilikwenda kumwambia. Nilimkuta barazani anamimina chai. Chupa ilikuwa upande huu, kikombe upande ule, na chai yote ilikuwa inatiririka mezani na kumdondokea mapajani, naye ameinamisha kichwa akisikiliza lini kikombe kitajaa. Nilimshika mkono nikaiweka chupa chini.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, Mama Tumaini. Umekuja wakati mzuri. Chukua daftari uandike. Kazi imekwisha. Jumatatu twende Ndanda."

Mdomo wangu ulikuwa wazi tayari. Ningesema, angeomba msimu mwingine. Nilimjua kama ninavyojua njia ya kisimani. Na daktari alikwisha kusema asingoje msimu mwingine. Akanitajia maneno, mimi nikayaandika kwa mwandiko wangu mzuri: *Inzi hapandi dundu mara mbili.* Nikapiga mstari chini yake. Sikukosea hata herufi moja, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Jumatatu hakushuka Chiungutwa. Alilala kitandani kule Ndanda, akaufumba mkono wangu ndani ya wake mpaka muuguzi aliponitoa. Jicho la kulia lilifanywa, likafungwa, likafunguliwa. Njiani kurudi alikaa dirishani akisoma kwa sauti kila bango lililopita: majina ya shule, maduka, bei za mbolea, tangazo la mkutano wa injili uliokwisha zamani. Abiria wakacheka. Mimi nilicheka nao mpaka tulipokaribia Masasi, ndipo nikakumbuka ukurasa wa mwisho, na daftari liko nyumbani kwake juu ya kabati.

Baada ya hapo nilianza kupita njia ya nyuma. Nilimpelekea chakula kwa mkono wa binti yangu. Kanisani nilikaa upande wa kwaya hata siku ambazo hatukuimba. Hakuniita. Kiangazi kikaisha, korosho zikaokotwa, mawingu yakarudi, na barua ya kliniki ikaja kwamba jicho la kushoto linasubiriwa Jumatatu. Binti yake alinipigia simu toka Masasi. "Mama Tumaini, amesema haji. Anasema mvua imeanza. Wewe tu ndiye anayekusikia."

Sikuwa na uhakika huo tena, lakini nilikwenda. Nilimkuta zizini kwa imamu, kifudifudi kama zamani, mgongo umuume usimuume. Daftari lilikuwa kando yake, limefunguliwa ukurasa wa mwisho.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba." Hakuinua kichwa. "Uliandika Jumanne. Ile nyingine ulikuja kuiandika Jumamosi."

"Ndiyo."

"Kitu cha kwanza nilichosoma na jicho hili nyumbani kwangu ni hiki."

"Ningekuambia usingekwenda."

"Nisingekwenda," akakubali. Akakaa kitako taratibu, akapangusa kidevu. Nilisubiri anitukane, na ningeshukuru. Akalivuta daftari karibu. Kisha akaweka kidole kwenye mwandiko wangu. "Hukuandika alama uliiweka wapi. Shingoni au mgongoni? Nimeutazama ukurasa huu tangu kiangazi, nimeshindwa kujua. Mtu unafanya kazi nzuri hivi halafu unaacha jambo kama hilo."

Hapo ndipo nilipolipuka. Nilimwambia mimi ndiye nimebeba uongo ule peke yangu, nimepita njia za nyuma, nimemkwepa mchana kweupe, na yeye miezi yote hiyo anawaza shingo. Nilimwambia barua ya kliniki imekuja, na kama anadhani nitadanganya mara ya pili ili apande gari, basi amekosea, sina tena uongo wa kumpa. Nililia pia. Imamu alitoka mlangoni, akatutazama, akarudi ndani.

"Shingoni," nikasema mwisho. "Wote tisa niliwapaka shingoni."

Aliandika mwenyewe. Kalamu ilimsumbua, mstari ulipanda juu, lakini aliandika. Nilikuwa sijamwona akiandika kwa miaka minne, na nilijikuta nauonea wivu mkono wake. Kisha akatazama mawingu, akatazama mavi, akanitazama mimi kwa jicho lake jipya, kwa muda mrefu, kama mtu anayenisoma.

"Nikienda Jumatatu," akasema, "nani atahesabu?"

"Mimi."

"Bila alama ya korosho."

"Bila."

"Utaandika ulichoona?"

Lilikuwa swali la haki. "Nitaandika," nikasema. Akafunga daftari, akalipangusa kwenye suruali yake, akanipa.

Jumatatu asubuhi gari lilimchukua Newala, na binti yake akanipigia saa nne kwamba baba amefika Masasi na hajatoroka. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye zizi la imamu, mvua nyembamba inanyesha mgongoni. Dundu walikuwa kumi na mmoja. Nilitamani sana wengi wao wawe na inzi, maana ningemtumia ujumbe na angelala kitandani kwa furaha. Nilihesabu mara mbili, kisha mara ya tatu. Wenye inzi walikuwa wawili. Nikaandika wawili.